Kamiranzovu, Kinamasi Kilichomeza Ndovu

Nzahaha ni mojawapo ya sekta kumi na nane za Wilaya ya Rusizi, katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, nchi ambayo watu wazima bado huiita Cyangugu kwa jina la mkoa wa zamani. Ni nchi ya mteremko. Kaskazini kuna Kamembe na Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kusini ardhi huporomoka hadi tambarare ya Bugarama, iliyo chini ya mita 1,000, ambako joto, mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji humfanya mgeni adhani amevuka mpaka bila kujua. Upande wa magharibi hupita Mto Rusizi, ukitoka Kivu kwenda Tanganyika, ukitenganisha Rwanda na Kongo.

Mtu akiuliza habari za ndege katika nchi hiyo, jambo la kwanza atakaloambiwa ni la vita. Mpunga unapoanza kujaza punje, ndege wadogo hushuka kwa makundi, na watoto hupangwa kandokando ya majaruba kupiga makelele na makopo tangu alfajiri. Kwa mkulima, ndege ni mgeni asiyealikwa ambaye hula kabla ya mwenyeji. Yangeyange peke yake ndiye husamehewa, kwa kuwa yeye hufuata panzi na vyura, wala hana haja na mpunga. Kwa hiyo mtu wa Bugarama au Nzahaha anaposikia kwamba wageni hulipa nauli ya ndege kutoka Ulaya na Marekani, wakalala baridi mlimani, wakaamka usiku ili wamsikilize ndege mmoja wa rangi ya tope asiyezidi shomoro kwa uzito, huwa hana la kujibu ila kucheka.

Hata hivyo ndege huyo yupo, na makazi yake si mbali. Yuko Kamiranzovu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe.

Msafiri atokaye Nzahaha hupanda kwanza hadi Kamembe, kisha hushika barabara ya lami iendayo Huye na Kigali. Hupita Ntendezi, kisha huingia katika mashamba ya chai ya Gisakura, yaliyokatwa sawasawa kama nywele za kuruta. Chai hiyo haikupandwa kwa ajili ya fedha peke yake. Pamoja na misitu ya misonobari na mikaratusi iliyopandwa pembezoni mwa Nyungwe, hasa katika miaka ya 1980, imekuwa boma kati ya jembe la mkulima na mti wa asili. Penye chai au msonobari kila mtu huona mpaka ulipo. Pasipo na kitu, mpaka husogea mwaka hadi mwaka, shamba moja baada ya jingine, wala hapana mtu awezaye kusema ni siku gani hasa msitu ulipopungua.

Mfano wa kupungua huko umo humo humo Rusizi. Ni kipande cha msitu kiitwacho Cyamudongo, chenye hekta mia tatu hivi, ambacho zamani kilikuwa sehemu ya Nyungwe. Leo kimezungukwa na mashamba pande zote. Sokwe wamo bado, lakini wamebaki kama watu waliokatwa daraja wakiwa ng'ambo.

Baada ya Gisakura barabara huingia msituni. Ghafla hewa hubadilika. Nyungwe ina eneo la kilomita za mraba 1,019, nayo imekalia mgongo wa milima unaogawa maji ya Afrika: matone yaangukayo upande wa mashariki huenda Nile, na yaangukayo magharibi huteremkia Kivu na Rusizi, kisha Tanganyika na hatimaye Mto Kongo. Maji yapitayo karibu na Nzahaha, basi, mengine yamepumzika kwanza katika msitu huu. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliutangaza kuwa msitu wa akiba mwaka 1933. Katika karne hii umekuwa hifadhi ya taifa. Na mwezi Septemba 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tangu mwaka 2020 unaendeshwa na shirika la African Parks kwa mapatano na Serikali ya Rwanda. Ndege walioandikwa humo wamepita aina 300, na zaidi ya 25 kati yao hawapatikani popote duniani ila katika milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, toka Uganda na Kongo ya mashariki hadi Burundi.

Kati ya Gisakura na Uwinka, upande mmoja wa barabara, miti hufunguka na jicho hutumbukia chini. Hapo ndipo Kamiranzovu. Ni bakuli kubwa lenye upana wa hekta 1,300 hivi, kwenye urefu wa karibu mita 1,950, lililozungushiwa milima yenye msitu mnene. Ndani ya bakuli hamna ziwa, wala hamna shamba. Muna majani ya kinamasi yaliyosimama kifua hadi kichwa cha mtu, vichaka, na miti iliyotapakaa moja moja kama walinzi waliosahaulika kubadilishwa zamu. Chini ya majani hayo kuna mboji ya mimea iliyolala tabaka juu ya tabaka kwa makumi ya maelfu ya miaka. Wataalamu walitoboa mboji hiyo na kusoma chavua zilizohifadhiwa ndani yake, wakajua misitu ya Afrika ya Kati ilikuwaje zama za baridi kali, kabla mtu yeyote hajalima mlimani.

Jina lake hueleweka hata kwa Mswahili asiyejua Kinyarwanda vizuri. Kumira ni kumeza, na inzovu ni ndugu wa neno letu ndovu. Ni mahali pa kumeza tembo. Yasemekana wanyama hao wazito walizama humo mara kwa mara, wakivutwa na majani laini.

Njia ya miguu iteremkayo kinamasini ina urefu wa kilomita sita hivi. Hakuna aruhusiwaye kuishika bila mwongozaji wa hifadhi. Waongozaji wengi ni vijana wa vijiji vya jirani, na baadhi yao hutambua ndege kwa sauti kama mtu atambuavyo hatua za mkewe uani. Darubini huning'inia kifuani mwao, lakini katika msitu wa mlimani darubini ni chombo cha pili. Chombo cha kwanza ni sikio.

Askari aliyewahi kulala lindo porini ataielewa kazi hii upesi kuliko mtu mwingine. Mtazama-ndege hutembea polepole, akitua unyayo mzima, havai nguo nyekundu wala nyeupe, hanyooshi mkono kwa ghafla, haongei. Akisikia sauti husimama, akapima imetoka upande gani, umbali gani, juu au chini. Akishajua hayo hungoja. Raia wengi hushindwa hapo. Baada ya dakika tano huanza kukohoa, kutafuta maji, kuuliza saa.

Alfajiri ya Kamiranzovu huanza na wakubwa wenye makelele. Shorobo mkubwa wa buluu, mwenye shungi jeusi na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, hurukaruka matawini kama kuku aliyepandishwa cheo, akitoa mlio wa kukoroma usikiwao toka kilima cha pili. Hondohondo hupita juu, na mabawa yao huvuma kama mtu apepeaye moto. Shorobo wa Ruwenzori, ambaye ni mzuri zaidi kwa kijani chake na wekundu wa mabawa, huonekana kwa nukta moja tu anaporuka kati ya mti na mti. Kwenye maua ya milobelia hutua chozi wa milimani wanaometa kama vifungo vya sare. Mgeni wa mara ya kwanza huridhika na hao, na ana haki. Hao ni ndege wa kusimulia nyumbani.

Lakini mwongozaji bado hushuka. Msitu huisha, ardhi huanza kulegea chini ya buti, na baridi hupanda toka majanini. Hapo, mahali pasipo na kitu cha kutazama, husikika sauti kali yenye kurudiarudia, yenye nguvu kupita umbo la mwenyewe. Hutoka katikati ya majani. Hujibiwa na nyingine hatua chache pembeni. Mtu hutazama hata macho yakamtoka machozi, wala haoni hata jani moja likitikisika.

Huyo ndiye ndege aliyefuatwa kutoka mbali. Wanasayansi humwita *Bradypterus graueri*, kwa kumbukumbu ya Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya viumbe katika nchi hizi mwanzoni mwa karne ya 20. Mgongo wake ni wa kahawia iliyoiva, koo lake jeupe, kifua kina michirizi myeusi, na juu ya jicho kuna mstari mweupe kama nyusi za mzee. Hula wadudu. Hapandi miti mirefu, wala havuki nchi kwenda kutafuta makao mapya kama mbayuwayu. Yeye ni wa vinamasi vya milimani tu, na kwa kuwa vinamasi hivyo ni vichache na viko mbalimbali, duniani kote amebaki na vituo vya kuhesabika: baadhi Rwanda, baadhi Kibira ya Burundi, Kahuzi-Biega ya Kongo, na Bwindi na Echuya za Uganda. Amewekwa katika orodha ya ndege wanaotishiwa kutoweka, ingawa hakuna mtu amwindaye. Nyama yake haishibishi mtoto, manyoya yake hayapambi kofia, wala hajapata kufungiwa tunduni ili aimbe sebuleni. Adui yake ni mfereji. Kinamasi kikikaushwa kilimwe, yeye hana mahali pa kuhamia, na kwa kuwa hakuonekana alipokuwapo, hakuna atakayeona kwamba ameondoka.

Tembo hakuwa wa kufichika namna hiyo, na bado aliondoka. Nyungwe ilikuwa na nyati na tembo wa msituni. Nyati wa mwisho aliuawa katika miaka ya 1970. Tembo walipunguzwa na majangili mmoja mmoja, hata mwezi Novemba 1999 mabaki ya yule wa mwisho yakakutwa hapa hapa Kamiranzovu, ameuawa. Tangu hapo jina la kinamasi limebaki bila mwenyewe. Hasara haikuishia kwenye jina. Mnyama mwenye uzito wa tani kadhaa hufungua njia, huvunja vichaka, hula mimea itambaayo na kuzuia mahali pasizibwe. Alipoondoka, mimea mingine ya kutambaa ilienea sehemu nyingi za Nyungwe na kuifunika miti michanga, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na wataalamu ni hiyo ya kukosekana kwa wanyama wakubwa.

Miaka hiyo ya 1990 ilikuwa migumu kwa msitu kama ilivyokuwa migumu kwa watu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, shughuli za uhifadhi zilivunjika na wataalamu wa kigeni waliondoka. Waliobaki ni wafanyakazi wenyeji wa ngazi za chini, watu waliozoea kufyeka njia na kubeba mizigo ya wengine, na ndio walioendelea na kazi kadiri walivyoweza bila mabwana wa kuwaamuru. Habari yao haisimuliwi vya kutosha. Miaka mitatu baadaye, katika kiangazi cha 1997, moto uliunguza sehemu kubwa za msitu, na penye makovu mengi ya moto huo magugu ya gegu na vichaka vilichelewesha miti kurudi. Moto wa Nyungwe aghalabu huanzia kwa mrina asali, ambaye huenda na kinga chake cha moshi na kukiacha kikifuka. Ndiyo maana warina asali walikusanywa katika vyama na kuwekewa mizinga nje ya msitu, katika ukanda wa misonobari.

Mtu wa vitendo atauliza: kinamasi kwa ajili ya ndege asiyeonekana, chakula kitatoka wapi? Swali hilo lilijibiwa na kinamasi kingine, Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, chenye hekta zipatazo 6,700. Huko nako yuko ndege huyu huyu wa Grauer, kwa wingi hata kuliko Kamiranzovu. Rugezi hupeleka maji yake Ziwa Burera, na maji ya Burera huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Watu walichimba mifereji wakalima. Kinamasi kikapoteza uwezo wake wa kushika maji kama sifongo, mito ikafurika wakati wa mvua na kukauka wakati wa jua, ziwa likashuka. Kufikia mwaka 2004 Ntaruka ilikuwa ikitoa sehemu ndogo tu ya umeme wake, Kigali ikawa gizani saa nyingi za siku, na Serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Ukame ulichangia, na uendeshaji mbaya wa mitambo ulichangia, lakini mifereji haikukosekana katika lawama. Wakulima waliondolewa kinamasini, kilimo cha kingo kikawekewa masharti, majani yakaanza kurudi, na maji yakapanda. Ndege akarudi pamoja na majani bila kuitwa.

Watu wa Rusizi hawahitaji kwenda Burera kulielewa jambo hilo. Mto wao wenyewe umezungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na kituo cha pili kilianza kazi mwaka 1989, kikihudumia Rwanda, Burundi na Kongo. Taa ya kambini na pasi ya nyumbani zina ukoo na majani ya mlimani.

Yuko ndege mwingine wa vinamasi ambaye balaa lake ni kinyume kabisa cha huyu. Ni korongo mwenye taji, umusambi wa Wanyarwanda. Yeye huonekana toka mbali, hucheza akiruka na kuinama, na taji lake la dhahabu humfanya kila mwenye bustani amtamani. Kwa miaka mingi makinda yalitwaliwa viotani na kuuzwa, wakakatwa mabawa, wakawekwa uani mwa nyumba za wenye uwezo na katika hoteli, kuwa pambo. Walikufa kwa chakula kibaya au kwa upweke, maana korongo huishi na mwenzi mmoja na hazai ovyo mahali popote. Kuanzia mwaka 2014 daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianzisha kampeni ya kuwaandikisha korongo waliomo majumbani na kuwatoa bila kuwaadhibu wenye nyumba waliojitokeza. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Akagera kujifunza upya kuruka na kujitafutia. Walioharibiwa mabawa wasiweze kuruka tena walipewa makao Umusambi Village, kinamasi kilichorudishwa hali yake pembeni mwa Kigali. Hesabu iliyofanywa nchi nzima mwaka 2017 ilipata korongo 487 tu. Tangu hapo, kwa jumla, hesabu zimepanda.

Mmoja huangamizwa kwa kupendwa, mwingine kwa kutojulikana. Familia ya askari au polisi inayohamishwa toka kituo hadi kituo yaweza kukutana na yote mawili: jirani auzaye kinda zuri la korongo kwa bei ya kutupa, na bwana shamba wa kujipachika ashaurie kukausha kibonde kilicho nyuma ya nyumba kwa kuwa hakina kitu.

Mwenye nia ya kwenda Kamiranzovu na achague miezi ya Juni hadi Agosti au wiki kavu za Januari na Februari, ingawa Nyungwe mvua haina adabu na yaweza kunyesha siku yoyote. Avae buti ndefu, achomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, achukue koti la mvua na sweta, na afike njiani kabla ya saa moja asubuhi. Ikifika saa nne jua hupanda, na ndege wa majanini hunyamaza. Watoto wadogo wasipelekwe kinamasini. Wao watafurahia zaidi njia fupi za Gisakura.

Asiye na nauli aanzie Nzahaha hapo hapo alipo. Yatosha daftari, kalamu, na nusu saa ya alfajiri kando ya kijito au ya mpunga. Mtoto aandike jina la kila ndege kwa Kinyarwanda kwanza, kisha baba au mama amsaidie Kiswahili chake: inyange ni yangeyange, inuma ni njiwa, intashya ni mbayuwayu, igikona ni kunguru, sakabaka ni mwewe, inyamanza ni yule atikisaye mkia mawení penye maji. Mahali pa ndege aliyesikiwa asionekane, aache mstari mtupu na kuandika saa, na sauti ilitoka upande gani.